Niliyemsahau Kwenye Safari ya Nyota

Mjini Ibra, Jumamosi, 1 Novemba

Leo nimezima kiyoyozi tangu alfajiri na sijakiwasha tena. Joto limetuaga, alhamdulillahi. Nimekunywa chai yangu ya maziwa nje ya mlango bila kutokwa na jasho, na upepo ulikuwa mkavu na mwepesi. Moyo wangu nao ni mwepesi, ingawa kuna jambo moja limenibana tangu mchana. Nitaliandika kwa mpangilio, maana bila mpangilio mimi silali.

Jambo lenyewe ni safari ya kwenda kutazama nyota.

Safari ni ya mdogo wangu, Rayya. Mumewe, Khalfan, alifariki ghafla katika joto la Juni. Rayya akakaa eda nyumbani kwa mkwewe, Bi Moza, miezi minne na siku kumi kama tulivyoamrishwa. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na usiku halali kwengine. Huyu ni mtu ambaye akicheka jikoni, wageni barazani huacha kuzungumza wakamsikiliza. Miezi hiyo kicheko kilikwisha. Nikimpigia simu jioni ananijibu "nzuri", "alhamdulillahi", basi.

Pahala alipopata hewa ni juu ya paa. Baada ya sala ya isha alikuwa anapanda na mkeka. Mwanzo alipanda kulia, aliniambia mwenyewe. Halafu akaanza kutazama juu. Akaanza kunitumia ujumbe: leo kuna nyota nyekundu upande wa kibla, leo ile ya jana imesogea, nimesoma kwenye simu, inaitwa hivi. Mimi sikuwa naelewa kitu, lakini kila jioni ujumbe ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa jana yake, nami nilikuwa nashukuru.

Eda ilipokwisha, siku kumi hivi zilizopita, nilimuuliza anataka nini. Nilidhani atasema tukatembee Maskati, au twende umra. Akasema anataka kuziona nyota pahala pasipokuwa na taa.

Kupanga ndiyo kazi yangu. Ofisini shuleni mimi ndiye ninayepanga njia za mabasi ya wanafunzi, kwa hiyo nililibeba jambo hili kwa mikono miwili. Tutakwenda Bidiya, si mbali, tupite bustani za mwisho za mitende na kuingia mchangani kidogo tu. Zahran, mtoto wa mjomba, ana gari kubwa na anajua kuyapunguza upepo matairi yasizame. Mishkaki nitairowesha mimi. Mablanketi, mikeka, birika la chai na la kahawa, vyote vilikuwa tayari kichwani. Siku niliyoichagua ni Alkhamisi hii inayokuja, mwezi ukiwa mkubwa kama sinia.

Sikufikiri mara mbili. Ukoo wetu haujapata kwenda mchangani ila kwa mbalamwezi. Tulipokuwa watoto tulikimbia juu ya vilima vya mchanga bila tochi, na mama zetu wakiona wenyewe kama nyama imeiva au bado. Kwetu sisi, kwenda mchangani na mwezi kujaa ni kitu kimoja.

Jana jioni nilimsomea Rayya mpango wote kwa simu. Akaniuliza mara mbili ni tarehe ngapi. Nikadhani nimemuudhi.

"Da Asila," akasema, "mwezi umejaa, hizo nyota utanionesha wapi? Nimekwambia nakimbia taa, wewe unanipeleka chini ya taa ya dunia nzima!"

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaanza upya. "Na wewe ndiye waliyekupa mabasi ya watoto wa watu! Masikini watoto!"

Nilikaa na simu sikioni nikichekwa, machozi yananitoka.

Sijawahi kushukuru kosa langu kama nilivyolishukuru hili.

Basi tumesogeza. Tutakwenda Alkhamisi ya tarehe ishirini, mwezi ukiwa umejificha kabisa. Lakini kusogeza siku ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kuna watu, na watu wana midomo. Jirani yangu mmoja aliposikia alisema, "He! Eda haijapoa, keshafika mchangani na mishkaki?" Mimi maneno ya jirani nayaweza. Aliyenitia hofu ni Bi Moza. Khalfan alikuwa mwanawe wa pekee, na Rayya bado anakaa naye na hataki kuondoka. Jana kabla ya kukata simu Rayya aliniambia: "Bi Moza akikunja uso tu, mimi sendi. Wala nisimuulize mimi, atanikubalia kwa kunionea huruma. Muulize wewe."

Kwa hiyo leo baada ya adhuhuri nilikwenda, Rayya akiwa bado kazini kwake dukani. Njiani nilipanga maneno yangu: kwanza nitasema dini inaruhusu, pili nitasema tutakuwa na wanaume wa ukoo, tatu nitasema tutarudi mapema.

Bi Moza alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti yake, anamenya vitunguu thomu.

"Shikamoo Bi Moza."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kiti. Leo umevaa sura ya kudai kodi ya nyumba, kuna nini?"

Nikayasema yote matatu, kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya. Bi Moza amezaliwa Tabora, na haendi mbio katika mazungumzo kama sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja.

"Rayya ni mwanangu," akasema. "Aende. Nani amesema asiende? Anitajie jina lake, nimfuate mpaka mlangoni kwake."

Nikamshukuru. Nikainuka kumbusu kichwa. Hapo ndipo aliponishika mkono, vidole vyake vinanuka thomu.

"Umekuja kuniomba ruhusa," akasema. "Hukuja kunialika."

Nikaketi tena.

"Kule Tabora tulikuwa tunakitazama Kilimia, kile kishada cha nyota. Kikitokea jioni, watu wanashika majembe, mvua ziko karibu. Toka nimekuja huku sijakiona tena, taa nyingi. Na paa hilo magoti yangu hayafiki."

Nikababaika. "Bi Moza, karibu, twende sote, mbona gari..."

"Sasa hivi? Baada ya mimi kuomba mwenyewe? Siendi." Akarudi kwenye thomu zake. "Nyinyi watu wa Unguja kwa adabu za maneno hamjambo. Nenda zako, alasiri inakaribia."

Nimetoka na aibu yangu yote. Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni niliisikia sauti yake kutoka jikoni: "Huko mchangani, usiku, kuna baridi?"

Nikamwambia ipo, baridi ya shali.

Tangu niliporudi nawaza. Nimehesabu mablanketi, nimehesabu vijiti vya mishkaki, na yeye sikumhesabu. Sisi sote tumekuwa tukimpa pole Rayya, tukimpelekea uji, tukimuuliza umelala vipi. Bi Moza hana eda, sheria haikumfunga, na bado miezi yote hiyo hakutoka. Alibaki ndani na mke wa mwanawe. Nani katika sisi alimuuliza yeye anataka nini? Mimi sikumuuliza, na mimi ndiye ninayejisifu kwa kupanga.

Magharibi nilimsimulia Rayya kwa simu. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kila usiku aliposhuka kutoka juu ya paa, alimkuta Bi Moza amekaa chini ya ngazi, anamngoja. Na kila usiku swali lilikuwa hilo hilo: "Leo umeziona zipi?" Rayya alikuwa anamweleza moja moja, ndipo wanakwenda kulala.

Alhamdulillahi kwa mkwe wa namna hii. Nimesikia habari za wakwe wengi, na mdogo wangu Mola alimchagulia huyu. Alhamdulillahi hata kwa ulimi wake, kwani asingesema, tungekwenda kutazama nyota na kumwacha jikoni.

Sasa nimepanga upya. Kiti cha mbele cha gari ni chake, Zahran nimeshamwambia. Nimepata kiti cha kukunja, kirefu, chenye mgongo, asihangaike kuinuka kwenye mchanga. Shali ninayo mpya, ya sufu, sijaivaa. Pahala tutakapokaa pawe pa wazi upande wa mashariki, kwa sababu Rayya anasema jioni za Novemba Kilimia kinapanda kutokea huko.

Kesho baada ya alasiri nitakwenda tena, na safari hii nitakuwa na Rayya. Nitabisha hodi kama mtu ambaye hajapata kufika mlango ule. Nitaanza na shali mkononi, na sitatanguliza la dini wala la wanaume wa ukoo.

Nitasema, "Bi Moza, tumekuja kukualika." Kisha nitanyamaza, nimwache ajibu kwa mwendo wake wa Tabora.