Niliwaambia Mlevi Ni Wewe

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kushinda kwenye kiti cha ofisi? Shemeji yangu hajambo, na yule binti yenu wa mashavu? Huku tu wazima wa kuonekana. Mama anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu, na bado ananikaripia kama niko darasa la kwanza.

Ningekupigia simu, ila nikisikia sauti yako nitakudanganya tena. Barua hii atakuletea mkononi jirani yetu mshonaji. Atafika huko Alhamisi.

Ninakunywa, mdogo wangu. Si ile ya kuchangamsha mazungumzo unayoijua. Siku hizi naanza kabla sijanawa uso. Chupa ya chai ninayokwenda nayo gereji haina chai. Huwa naiosha mwenyewe nikirudi, na mke wangu ananisifu kwa majirani kwamba amepata mume wa kumsaidia kazi.

Mwezi wa pili niliona karatasi kwenye ubao wa zahanati, pembeni ya dirisha la dawa. Kikao cha wanaotaka kuacha pombe, kila Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha darasa la ushonaji. Nilipita pale mara tatu nikijifanya nasoma tangazo la chanjo, hadi mtoa dawa akachungulia.

“Unatafuta kikao, kaka?”

“Si mimi,” nikamjibu papo hapo. “Ni mdogo wangu.”

Basi nikaenda. Vyerehani vilikuwa vimefunikwa vitambaa, viti vimepangwa duara, na anayeongoza ni muuguzi mstaafu, mama wa makamo asiyepepesa macho. Fundi saa mmoja alieleza hali yake huku ameikalia mikono yake isitetemeke. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasimulia mambo yangu yote, bila kuacha hata moja, ila mtendaji nikakuweka wewe. Wewe, ambaye hata soda unaiona kali! Wakanipa pole. Naona haya kukuandikia hili, lakini nilitoka pale nimefurahi.

Nimehudhuria wiki kumi na nne. Wana desturi yao: mlevi asiyefika huwekewa kiti, na kikao hakianzi mpaka atajwe. Kiti chako kiko karibu na mlango. Mimi hukaa kilicho kando yake, na chupa yangu miguuni.

Mke wangu alipouliza ninakokwenda nilimwambia hivyohivyo, naye akamwambia Mama. Ndiyo maana Mama siku hizi akikupigia anakuuliza uko na nani na umekula nini. Alikuwa analia jikoni juzi, nikapita kama sikumwona. Nisamehe.

Sasa lililonikalisha kuandika. Jumanne asubuhi nilibadilisha bomba la breki la basi la chekechea. Lilipokwisha kuondoka nikasimama na spana mkononi, nikijaribu kukumbuka kama nilikaza nati ya bomba hilo kwenye gurudumu la nyuma. Sikukumbuka. Nililikimbilia hadi njia panda, likawa limeshapotea. Nikarudi gereji, nikakaa juu ya tairi, na kila honi iliyopigwa barabarani niliinuka.

Mchana lilirudi salama, limeshusha watoto thelathini na mmoja. Nilimwambia dereva nataka kuangalia kitu kidogo, nikaingia chini. Nati ilikuwa imekazwa kwa vidole tu. Mafuta ya breki yameshachuruzika mpaka kwenye ringi. Nikaikaza, nikapangusa, nikatoka. Dereva akanipiga bega: “Fundi wewe una roho ya kazi. Wengine wangejisumbua kweli?” Alimsimulia mwenye mabasi, naye amefurahi mno. Jumatatu ya tarehe 17 analeta mengine mawili, na amesema asiyaguse mtu mwingine.

Jana nilikwenda kikaoni nimekusudia kusema. Nilifungua mdomo, nikasema umezidi kunywa, tena sasa utaua watu. Muuguzi alinitazama sana. Kisha akasema, “Huyu tumemngoja vya kutosha. Nipe namba yake. Jumamosi tutampigia, sote tukisikia.”

Nikampa.

Msalimie sana shemeji, na binti umpe busu langu. Mama, mke wangu na mjomba kinyozi wanakusalimu. Mungu awaweke salama nyote, na hao watoto wa watu.

Najua ulivyo. Tangu utoto ukinikuta na kosa unalibeba wewe, ukachapwa wewe. Safari hii usinibebe. Saa nne Jumamosi simu italia, na watu kumi na wawili watakuwa kimya wakikusikiliza, nami nimekaa kando ya kiti chako. Akikuuliza kama unakunywa, sema hapana. Akiuliza ni nani basi, nitaje. Usipopokea, au ukinihurumia, sitasema lolote, najijua. Na Jumatatu nitaingia chini ya mabasi mawili.

Wako akupendaye na aliyekukosea,
Kaka yako.