Satifiketi Mbili

Mama,

Huku Kampala tunaendelea hivyo hivyo. Meza yako ya soko la Owino sasa anaitumia Mama Zaituni, yule jirani yako Mnubi wa upande wa mashati, na anasema wateja bado wanamuuliza Mkenya wa nguo za watoto alikwenda wapi. Mimi nipo Mbuya, chumba kile kile. Kazi bado ninayo. Napanda juu ya paa za watu, nafunga intaneti, jioni narudi na vumbi kichwani. Ungenicheka.

Nakuandikia kwa sababu ya aibu. Nimejaribu kuikalia kimya, imenishinda.

Unakumbuka nilipomaliza sekondari? Mjomba Wafula alitaka niende chuo kikuu, miaka mitatu, nitoke na digrii ya kompyuta. Mimi nikataka vyeti vya mitandao, vile vya mitihani ya kimataifa, nisome miezi michache nianze kazi. Mjomba alikasirika. Kwake cheti, yaani setifiketi, ni cha walioshindwa: kiko chini kabisa, juu yake diploma, ndiyo uifikie digrii. Wewe hukujua tofauti, ukaniuliza tu, "Hiyo kitu itakufundisha kazi?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi fanya."

Nilipofaulu ukatangazia soko zima. "Binti yangu ana satifiketi mbili!" Neno lenyewe lilikushinda kabisa, na mimi nilichoka kukurekebisha. Wenzako wakakupa pole, wakidhani nimefeli. Mama Zaituni aliniambia kuna aliyekushauri useme diploma, isikike vizuri kidogo, nawe ukamjibu, "Kwani ameiba?" Kesho yake ukaanza tena, satifiketi mbili, kwa sauti ile ile ya kuuzia nguo.

Halafu siku ile tunakuzika kwetu Bungoma, mwongoza shughuli akatusimamisha watoto wako, kila mmoja ataje jina na masomo yake. Dada Nafula akasema yeye ni mwalimu, ana digrii. Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikanifikia. Jeneza lako lilikuwa hapo, ningenyoosha mkono ningeligusa. Nikasema, "Digrii ya kompyuta."

Walinipigia makofi, Mama. Mjomba alisimama kabisa, akiamini kwamba hatimaye nilimsikia, nikasoma jioni jioni huku Kampala bila kumwambia. Mama Zaituni, aliyepanda basi usiku kucha aje kukuzika, alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Hakupiga makofi. Mpaka leo hajaniuliza kitu. Nikipita Owino ananipa chai, nami naiacha nusu.

Sasa mwezi ujao tunakuja kujenga kaburi lako, na Mjomba anataka picha yangu ya joho la mahafali, kubwa, aitundike sebuleni karibu na yako. Nami, mjinga, nikaenda kuitafuta. Kuna studio mjini wanakukodishia joho na kofia yake. Nilivaa, Mama! Mpiga picha alitaka tu nichangamke, akaniuliza, "Wewe ulisomea nini?" Nikafungua mdomo, na kilichonijia ni sauti yako. Satifiketi mbili. Nililia mpaka yule mtu akaniletea kiti. Nikavua joho lake, nikaondoka bila picha.

Labda iko siku nitaisoma hiyo digrii. Kazini nafasi za juu wanaiuliza, na siwezi kukudanganya kwamba haina maana. Nikiisoma, nitaisoma kwa haja yangu. Lakini ile niliyoitaja mbele yako sina, na zile ulizojivunia nilizikana ukiwa bado hujafukiwa. Ninayemwonea haya si Mjomba, ni wewe. Uliitetea kazi yangu kwa watu waliokupa pole, na mimi nilishindwa kuitetea siku moja tu, tena yako.

Pumzika, Mama. Nakuahidi mwezi ujao, watu wakishakaa, nitakiomba kile kipaza sauti mwenyewe. Mama Zaituni nimemwomba aje, amekubali. Mjomba akasirike tu. Nitalitamka lile neno kama ulivyolitamka wewe, na sitalirekebisha.

Binti yako,
Nekesa