Tumbo Langu Mbele ya Darasa la Sita

Yaya Célestine, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike, mambo yamepinduka huku Lubumbashi. Ule ugonjwa wa ng'ambo tuliousikia redioni umefika. Shule zikafungwa, hata msibani watu wanalia wakiwa wametengana. Na miye mdogo wako wa kazi, niliyekukimbilia kila simu yangu ilipoganda, nikaachiwa darasa lako la sita. Directeur wa shule alituita uani akasema, "Mutafundisha mu telefone." Nilidhani anatania. Yaya, hakuwa anatania.

Tukaitwa kwenye mafunzo. Mkufunzi akatueleza masomo ya mseto, nusu darasani, nusu kwenye simu. Alipofika tu pale pa kutuonyesha inavyofanyika, courant ya umeme ikakatika. Tukamalizia kwa kuchora simu ubaoni, kwa chaki. Jinsi ungecheka!

Video yangu ya kwanza ilihusu safari ya chakula mwilini. Nilivaa kikwembe changu cha Pasaka, nikaegemeza simu kwenye sufuria, nikafundisha kwa moyo wote. Nilipoitazama, somo lilikuwa limeshafika kwa wanafunzi. Kichwa changu hakimo, Yaya. Tumbo tu, mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao akaandika: "Merci Madame, leo tumbo tumeiona muzuri." Nilitaka kuacha kazi.

Kilichonizuia ni Rehema, yule uliyekuwa ukisema atakuwa daktari. Mama yake alikuwa amempeleka soko la Kasenga kuuza samaki, akatamka kwamba shule imekwisha, basi. Rehema akawa anasikiliza masomo palepale sokoni, simu imewekwa kati ya samaki, sauti juu. Siku moja nikapokea ujumbe wa sauti nisiyoijua: "Madame, ni miye mama ya Rehema. Pale pa ini ulikimbia sana. Rudilia, siye bote hatukusikia."

Siye bote! Kumbe nilikuwa nafundisha soko. Nikarudia taratibu. Wakaniuliza nyongo ina kazi gani, wao wanaoitoa kwenye samaki kila siku na kulaani uchungu wake. Nikawaeleza kwamba inasaidia kuvunjavunja mafuta ya chakula. Jibu lao lilikuwa kelele tupu, wanabishana, na katikati ya kelele nikamsikia mama yule akiwatuliza: "Munyamaze, mwalimu wetu alishasema!" Mwalimu wetu. Ningekupigia saa ileile, Yaya. Nilishika simu kabisa, halafu nikakumbuka.

Shule zilipofunguliwa, nusu ya darasa wakija leo na nusu kesho, mama huyo alimleta Rehema mwenyewe. Alinitazama tumboni kwanza, kisha usoni, akaangua kicheko. "Eh, kumbe iko na kichwa!" Halafu akaacha kucheka. "Madame, huyu asome. Wa kuuza samaki nitapata mwingine."

Nilikwenda kulia nyuma ya darasa. Maneno yale ulipaswa kuyasikia weye.

Juzi directeur aliniagiza niondoe namba yako kwenye kundi la darasa. Sasa najua hata pa kubonyeza, miye huyu! Lakini wanafunzi waliposikia wakakataa: "Madame, muache Madame Célestine naye asikilize." Nikarudisha simu mfukoni.

Pumzika, Yaya wangu. Nakuahidi, batoto bako nitawafikisha wote kwenye mtihani wa serikali, na siku matokeo yakitoka, nitayatangaza humo humo kundini, weye ukiwemo.

Mdogo wako,
Odile