Filta ya Gari Lako

Butimba, Mwanza

Kaka Chenge,

Shikamoo. Gari lako la turbo lilipungua nguvu, nikalipeleka kwa fundi Ogweno. Akashauri tufunge filta ya hewa ya magari ya mashindano. "Litavuta hewa vizuri, dada, litanguruma!"

"Na vumbi la Misungwi?" nikamuuliza.

Akakuna kichwa. "Hilo litapenya, litakula turbo."

Nimefunga ya kawaida, mpya. Siwezi kubahatisha. Mama alinikataza kukuambia, lakini situlii: moyo wake umepanuka, na kila Jumanne namtoa kijijini Misungwi kumleta hospitali. Jana njiani akaniuliza, "Justa, gari hili litafika uwanja wa ndege kumpokea kaka yako?"

Nikamjibu litafika hata kesho.

Tafadhali, kaka, usinifanye mwongo.

Mdogo wako,
Justa