Alilala Wapi Yule Binti?

Mama, shikamoo.

Leo mchana tumeonyesha filamu yangu hapa Rwamgasa, katika ukumbi tulioziba madirisha kwa mablanketi. Joto lilikuwa kali mno. Mwishoni, binti alipokataa kuolewa, akaondoka kwao, watu walipiga makofi. Kisha dada mmoja anayeosha mchanga wa dhahabu akaniuliza, "Yule binti alilala wapi siku ile?"

Filamu nimeiandika mimi, lakini hilo sikuwahi kuliwaza.

"Mimi nilipokataa, baba alifunga mlango," akasema. "Mpaka leo haitikii salamu yangu."

Nimechoka, Mama. Mimi nilipokataa, ulinitandikia kitanda bila kuniuliza kitu, wala sikukushukuru. Asante. Usiache kunywa dawa zako.

Mwanao,
Neema