Mama Mmoja wa Morogoro

Dada Fausta,

Shikamoo. Najua ungenicheka: "We Zena, hata marehemu unawaamkia?" Mimi nakuamkia tu.

Sheria imepita, dada. Ile ya njiti. Mama akijifungua kabla ya wakati, siku za kumkuza huyo mtoto njiti mpaka atimize miezi yake zinaongezwa kwenye likizo ya uzazi. Tulisikia redioni kiwandani, wakati wa chakula. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikalia, maana wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na mashine yako sasa anashonea binti mwingine.

Nimekukumbuka mno. Nakumbuka Jumatatu zako, ukitoka Mgeta kwa mama yako na kiroba cha njegere. Meneja alikuwa amekataza mikutano ya chama, basi ulitugawia njegere tumenye mezani, na huku tukimenya wewe unaendesha mkutano. Siku moja meneja akapita, akatusifu kwa utulivu wetu. Hukucheka hata kidogo. Mimi ndiye niliyepaliwa.

Hapo mezani ndipo uliponiomba. Chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa kinakusanya maelezo ya kupeleka kwa wabunge Dodoma, na ulisema wabunge wamechoka kusikia "wafanyakazi wengi", wanataka mtu mwenye jina. Ulitaka langu. Wewe ndiye uliyejua nilivyomwacha mwanangu Rehema wodini, hajafika hata kilo mbili, nikarudi kazini kwa kuwa likizo imekwisha. Nilikuwa nakamua maziwa chooni, na wewe umesimama mlangoni mtu asiingie.

Nikakataa. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita, niliogopa hawatauendeleza. Hukunigombeza. Ulinishika bega ukasema, "Basi utakuwa mama mmoja wa Morogoro." Ukaenda naye Dodoma huyo mama mmoja. Uliporudi ulikuwa umeshaanza kuumwa, na mimi kwa aibu sikukuuliza walikupokeaje. Hata hospitali nilikuja nikakaa nikakuzungumzia mvua. Mvua, dada! Naumia mpaka leo.

Katibu wa tawi ameniambia kuna mbunge alisimama kwenye mjadala akamtaja mama mmoja wa Morogoro aliyekamulia maziwa chooni. Natamani ungekuwepo ukanikonyeza.

Rehema ana miaka minne. Anakimbia Mafiga nzima bila viatu na hasikii la mtu.

Wiki iliyopita yule binti wa mashine yako alijifungua njiti. Ofisi ikamwandikia likizo ileile ya zamani, kama vile redio hawana. Binti kaogopa kudai. Nikaenda mimi, na mkataba wangu bado ni mfupi vilevile. Wakaniuliza nani analalamika. Mdomoni lilinijia "wafanyakazi wengi", dada, lilifika kabisa kwenye ulimi. Nikaomba kalamu.

Likizo yake wameirekebisha jana. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na hakuna aliyeniambia kitu. Usiku nalala, lakini si sana.

Jumapili napanda Mgeta kumsalimia mama yako, na nitateremka na njegere. Jumatatu tutamenya, nikiwa bado nina kiti pale au nikiwa nje ya geti. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, dada yangu, mlango nitausimamia mimi.

Ni mimi mama mmoja,
Zena Ramadhani, mama Rehema, wa Mafiga.