Cheni ya Kibwana

Kinole, 4 Februari 2024

Mjomba wangu Shabani,

Shikamoo. Natumaini u mzima hapo Morogoro, na yale mafua uliyokuwa nayo msibani yameisha. Sisi hatujambo kiasi. Mama anakula sasa, ingawa sahani huiacha nusu.

Nakuandikia kwa sababu simu huku mpaka nipande kwenye migomba ya juu, na kila nikikupigia unasema una mteja. Barua hii anakuletea Erick, dereva wa Fuso la ndizi. Jibu umpe yeye.

Ile pikipiki ya magurudumu manne ya marehemu kaka Kibwana naiendesha mimi. Tangu arobaini iishe hakuna mwingine anayetaka kuishika, na wagonjwa wa huku juu hawana njia nyingine ya kufika barabarani ila kubebwa kwenye machela. Shida yake, Mjomba, inakata cheni. Ya kwanza nilidhani ni uchakavu. Nikafunga mpya, ikakatika siku ya tisa. Zote mbili zimekatikia kwenye kona ya mdalasini, pale njia inapopanda kabla ya kuteremka barabarani, pale pale alipofia kaka ilipomwangusha bondeni.

Kabla haijakatika nasikia tak, tak, tak chini ya kiti. Unakumbuka kaka alivyokuwa akigonga ulimi akikuona unafanya kazi vibaya? Ndivyo inavyolia. Sitaki kuamini mambo hayo, lakini mikono yangu inaamini. Wanawake wakifika pale wanashuka, wanamsalimia kwa jina, wanapita kwa miguu. Mama anasema Kibwana ana neno hajalimaliza.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Mwanvita


Morogoro, 7 Februari 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Mafua yameisha, namshukuru Mungu. Msalimie sana dada.

Cheni haikatiki bure. Kwanza angalia ulegevu wake. Watu huikaza mashine ikiwa tupu, halafu wakipanda na mzigo, ekseli inasogea na cheni inakuwa kama waya wa gitaa. Kaa juu yake, mwenzako apime chini ya cheni katikati: icheze vidole viwili. Pili, kilipu ya kiungo, kile kibanio cha kuungia cheni. Upande uliofungwa utazame inakokwenda cheni, siyo nyuma, la sivyo jiwe moja tu linaing'oa. Udongo wa huko ni mwekundu na unakula chuma, kwa hiyo isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, ndipo upake oili. Usipake grisi, inashika mchanga.

Nimekutumia cheni nene kutoka dukani kwa Taherali. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote alizonazo. Funga hiyo.

Maneno ya marehemu kukata cheni usiyasikilize. Mtu akishazikwa amezikwa.

Mjomba wako,
Shabani


Kinole, 2 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko? Huku mvua imeanza, na sisi ni wazima, ingawa juzi ilibaki kidogo tusiwe.

Nilifanya yote uliyosema, moja baada ya jingine. Siku kumi na nane ilikwenda vizuri, nikaanza kukusifu kwa watu. Jumanne mchana nikampakia Chausiku, binti wa jirani yetu, uchungu umeshamshika. Hali yake haikumruhusu kushuka kwenye kona atembee. Nikasikia tak, tak. Nikasema kimoyomoyo, kaka, leo niache nipite. Ikakatika.

Tulirudi nyuma, Mjomba. Cheni ilipiga bomba la breki ya nyuma likapasuka. Breki ya mbele peke yake haikutosha. Nilikata usukani tukajigonga kwenye mti, na mti ukatushika. Chausiku hakupiga kelele hata kidogo, alinishika tu kiuno mpaka leo nina alama. Wanaume walitoka shambani wakambeba. Amejifungua salama, mtoto wa kike.

Nakutumia kipande cha cheni na sproketi ya nyuma, ile gia ya cheni. Tazama meno yake. Yamelika upande mmoja tu, wa ndani, yanang'aa kama kisu. Kwa nini upande mmoja?

Na jingine. Chini ya barua yako ulianza kuandika "Kibwana ali", ukapafuta, lakini panasomeka kwa nyuma ya karatasi. Kibwana alifanya nini?

Mpwa wako,
Mwanvita


Kinole, 20 Aprili 2024

Mjomba Shabani,

Shikamoo. Natumaini kimya chako si cha ugonjwa. Erick anasema mzigo alikukabidhi mkononi, ukaufungua mbele yake, ukaingia ndani ukamwacha amesimama.

Sijaiwasha mashine tangu siku ile. Wiki iliyopita niliilaza ubavu, nikavuta uzi kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma. Hazitazamani. Zimepishana upana wa kidole. Nikakwangua rangi kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika ekseli. Chini ya rangi kuna mshono wa kuchomelea, na rangi iliyopakwa juu yake si ya kiwandani.

Kaka hakuwa na mashine ya kuchomelea. Huku kijijini hakuna aliye nayo.

Nakusubiri.

Mwanvita


Morogoro, 11 Mei 2024

Mwanangu Mwanvita,

Salaam nyingi. Mwili wangu hauumwi. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Mshono huo ni wangu. Mwezi wa tisa mwaka jana, yaani miezi miwili kabla hajafa, Kibwana aliipindua mashine na mkono ukapata ufa. Akaniletea. Ilitakiwa niufungue wote, niunyooshe, nipime, ndipo nichomelee. Nilikuwa na watu wanne wanasubiri. Nikauchomelea ukiwa humo humo kwenye mashine. Ulipopoa niliona umevuta pembeni. Niliona kwa macho yangu. Nikaweka washa, kile kipete cha chuma, nyuma ya sproketi kupunguza upogo, nikapaka rangi, nikamwambia chukua.

Baada ya wiki mbili akarudi. Akasema, "Mjomba, cheni inagonga, na mashine inavuta kushoto." Nikamwambia akaze cheni. Hata sikuinuka kwenye kigoda.

Cheni iliyopinda hupanda juu ya meno, ndiyo hiyo tak, tak unayoisikia. Barabara ya tambarare inavumilia. Kwenye kona ya mdalasini gurudumu moja linakanyaga mzizi, mashine inajinyonga, injini inavuta kwa nguvu zote, na ule mpishano wa kidole kimoja unatosha kuikata. Nilipopigiwa simu ya msiba sikuuliza ni wapi. Nilijua.

Pale msibani mashine ilikuwa imeegeshwa kando ya jiko. Niliipita kwa mbali. Tangu hapo kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa nje nasikia ile sauti, nainuka, natazama, si yeye. Nikakutumia cheni nene nikitumaini ugumu wake utanifunikia. Badala yake nusura niwaue wewe na Chausiku.

Usiiwashe. Natengeneza mkono mwingine, safari hii kwa vipimo. Niruhusu niulete mwenyewe, niyaseme haya mbele ya dada na wazee wa ukoo.

Shabani


Kinole, 14 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tupo.

Nilimsomea Mama barua yako, sikuruka neno. Aliniomba nirudie pale kaka aliporudi kwako kulalamika. Nikarudia. Akasema, "Kumbe alisema."

Pengine hukujua jambo hili. Asubuhi ya ajali Mama ndiye aliyemharakisha kaka awahi gari la ndizi. Miezi yote hii alikuwa anaamini amemuua yeye kwa haraka zake. Alikuwa hasimulii, ila nilikuwa namkuta amekaa na viatu vya kaka mapajani. Wewe ulikuwa na neno la kumwondolea mzigo huo, ukakaa nalo mjini.

Nina hasira, sitakuficha. Lakini Mama anasema uje. Atakachokuambia hakunieleza.

Mwanvita


Barabarani, chini ya Kinole, 25 Mei 2024

Mwanvita,

Mkono mpya nimempa Erick. Ufunge mashine ikiwa imekaa sawasawa, vuta uzi kama ulivyofanya, usikaze nati za mwisho mpaka uzi uguse sproketi zote mbili bila kupinda. Beringi mpya zimo kwenye mfuko, na bomba la breki.

Mwambie dada nilifika hadi hapa.

S.


Kinole, 16 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya. Huku baridi imeingia na karafuu zimeanza kuchanua.

Tuliufunga mkono mimi na Fidelis, fundi baiskeli. Siku nzima ilikwisha kwenye uzi peke yake. Leo ni wiki ya tatu, cheni haijalia wala kulegea. Wanawake hawashuki tena. Chausiku alipanda na mtoto mgongoni kwenda kliniki.

Ijumaa nilimpakia Mama. Tulipofika kwenye kona akaniambia nizime. Akatazama bondeni kwa muda mrefu, midomo ikimtembea, sikumsikia anasema nini. Kisha akanigusa bega akasema, "Twende, pana baridi." Usiku huo alimaliza sahani.

Erick amenieleza kwamba siku ile ulikaa kwenye kibanda cha chai tangu asubuhi hadi alasiri ukitazama njia ya kupanda, halafu ukampa mzigo ukapanda gari la kurudi. Sisi tulikuwa tumepika. Wazee walikuwa wamekaa ukumbini.

Mjomba, huku hakuna anayeiogopa ile kona tena. Umebaki wewe tu.

Jumatano nitashuka na mashine, nitakuwa pale kwenye kibanda kuanzia saa nne. Utakaa nyuma yangu. Kama hutaki kuzungumza njiani, usizungumze, kwenye kile kilima na mimi huwa sisemi. Mama hatashuka kuja kwako. Magoti hayamruhusu, na hata kama yangemruhusu si yeye anayepaswa kushuka.

Njoo na nguo nzito.

Mpwa wako,
Mwanvita